Mwanangu, uliniuliza ule msikiti wa Córdoba ni wa nani

Zuhura mwanangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo. Goti la mama yako limepata nafuu, na paka wako kazaa tena, safari hii ndani ya kabati la vyombo. Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa barazani na wazee wenzangu, nikaizima haraka, maana nilisikia kilio.

Nayarudia maneno yako ili twende pamoja. Mlipanda basi Granada mkaenda Córdoba, mkakata tiketi, mkaingia kwenye ule msikiti wa nguzo nyingi. Ulipofika mbele ya mihrabu, mikono ikanyanyuka kuomba dua. Mlinzi akakujia, akakwambia kwa adabu kwamba hapa ni kanisa kuu, sala ya Kiislamu hairuhusiwi. Ukatoka, ukakaa uani chini ya michungwa, ukaniuliza: "Baba, ule msikiti ni wetu au si wetu? Na kama si wetu, mbona nimelia?"

La hati ni rahisi, nilimalize kwanza. Si wetu. Mfalme Ferdinand wa Tatu aliutwaa mji mwaka 1236, na papo hapo jengo likawekwa wakfu kuwa kanisa. Mwaka 2006 dayosisi ikaliandikisha kwa jina lake kwa ada ya euro 30, na tangu hapo Wahispania wenyewe kwa wenyewe wanavutana: wapo wanaosema jengo kama lile ni mali ya umma, si ya askofu. Katika mvutano huo mimi na wewe hatumo.

Lakini hukuniuliza habari ya hati, najua.

Mimi nimepaona, na sijapata kukusimulia vizuri. Mwaka 1987 meli yetu iliingia chelezoni Cádiz ikakaa wiki tano, na mishahara ikachelewa kama ilivyokuwa ada ya tajiri wetu wa wakati ule. Mpishi wetu alikuwa mtu wa Tangier, anakijua Kihispania, akanikopesha nauli ya treni. Mle ndani mimi sikukatazwa lolote, kwa sababu nilisimama na mikono mfukoni kama mtu anayengoja pantoni, nikaisoma Fatiha moyoni. Nitairudia mikono hiyo baadaye.

Nilichokiona kwanza ni nguzo. Zimebaki 856, na ukizitazama vizuri hazifanani: moja ya kijivu, ya pili nyekundu, hii nene, ile imefupishwa, vichwa vyake vimetoka huku na huku. Ni nguzo za mtumba, mwanangu. Mafundi wa mwanzo waliziokota kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi waliotawala kabla ya Waislamu. Na kwa kuwa zilikuwa fupi mno kwa paa la jumba kubwa hivyo, wakabuni kupandisha tao juu ya tao, jiwe jeupe na tofali jekundu kwa zamu. Ile sura watalii wanayoipigia picha ilitokana na kukosa nguzo ndefu.

Kwa hiyo hata kabla ya adhana ya kwanza, pale palikuwa na watu. Córdoba ulikuwa mji mkuu wa jimbo la Kirumi, na Seneca mwanafalsafa alizaliwa pale. Askofu wake Hosius alikuwa mshauri wa Konstantino na alihudhuria mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, miaka karibu 300 kabla ya Hijra. Waandishi wa Kiarabu wanasimulia kwamba kiwanja cha msikiti kilikuwa na kanisa, Waislamu wakalitumia nusu pamoja na Wakristo, kisha amiri akawanunulia nusu yao. Wachimbaji wa mambo ya kale wa leo wanabishana kilikuwa kanisa la namna gani. Iwe itakavyokuwa, wapo watu ambao siku ile walitoka pale na vitabu vyao kwapani, na naamini walilia kama ulivyolia wewe.

Na huyo amiri mwenyewe alikuwa mkimbizi. Abdurrahman wa Kwanza, mtoto wa ukoo wa Bani Umayya, ukoo wake ulipochinjwa Shamu mwaka 750 alikimbia akapita Afrika Kaskazini yote, akawafikia wajomba zake, maana mama yake alikuwa Mberberi, na mwaka 756 akajitangaza amiri wa Andalus, yaani Hispania ya Waislamu. Msikiti aliuanza uzeeni, miaka thelathini baadaye. Ana shairi analomwambia mtende alioukuta kule magharibi kwamba wewe na mimi tuko mbali na kwetu. Nikiwa baharini nimewahi kuuona mnazi mmoja umesimama peke yake kwenye bandari isiyo ya minazi, basi shairi hilo sikuhitaji mwalimu wa kunifafanulia. Kibla cha msikiti wake kinaelekea kusini, si Makka hasa. Wengine wanasema ni kwa kufuata Shamu ya kwao. Wataalamu wana sababu nyingine, lakini mimi hiyo ndiyo ninayoipenda.

Kizazi kwa kizazi wakaupanua. Abdurrahman wa Tatu, aliyejitangaza khalifa mwaka 929, alikuwa na bibi binti wa mfalme wa Kibaski, na wanahistoria wanasema alikuwa na macho ya buluu na nywele nyekundu alizozitia rangi nyeusi. Sasa mtu huyo ukimwuliza "wetu" ni akina nani, ataanzia wapi? Na ile mihrabu iliyokunyanyua mikono, vile vijiwe vya dhahabu vinavyometameta, aliviagiza mwanawe Hakam wa Pili kwa mfalme Mkristo wa Konstantinopoli. Vikaja vijiwe, akaja na fundi wa kuvipanga. Mkristo alifanya kazi pale, mwanangu, akipanga aya za Kurani kijiwe kwa kijiwe.

Usidhani nakuchorea pepo. Mwaka 997 Almansuri, waziri mkuu wa Córdoba, aliupora mji wa Santiago kaskazini, akazichukua kengele za kanisa lake, zikabebwa na mateka wa Kikristo mpaka Córdoba, zikageuzwa taa za msikiti. Ferdinand alipoingia mwaka 1236 akazirudisha zilikotoka, mabegani mwa mateka wa Kiislamu. Nikiisoma habari hiyo huwa nawafikiria wabebaji. Uzito ulikuwa ule ule.

Jengo lenyewe Wakristo walilitunza kwa karibu miaka 300 bila kulivunja. Mwaka 1523 askofu alipotaka kung'oa nguzo katikati ili ajenge kanisa refu, baraza la jiji, Wakristo watupu hao, likatangaza kwamba fundi atakayegusa nguzo atauawa. Askofu akakata rufaa kwa mfalme Charles wa Tano, akashinda. Inasimuliwa kwamba mfalme alipokuja kuliona alijuta, akasema mmeharibu kitu kisicho na mfano mkajenga kitu kinachopatikana popote. Kama alisema kweli au hakusema, wale madiwani wa Córdoba walikuwa wameshasema kabla yake.

Ndiyo maana kuhusu jengo mimi sina kinyongo. Kinachoniuma kiko huko huko unakoishi.

Mwezi Novemba mwaka 1491 Abu Abdillah, sultani wa mwisho wa Granada, aliwekeana mkataba na malkia Isabella na mumewe Ferdinand, si yule wa Tatu. Mji utakabidhiwa, lakini Waislamu watabaki na dini yao, misikiti yao, makadhi wao, mavazi yao, na hakuna atakayelazimishwa kubatizwa. Tarehe 2 Januari 1492 funguo zikakabidhiwa. Tarehe 31 Machi, humo humo Alhambra, kasri la masultani, wafalme wakatia saini amri ya kuwafukuza Mayahudi wote, miezi minne wawe wameondoka. Waislamu wa Granada wangeisoma alama hiyo mapema.

Askofu mkuu wa kwanza, Hernando de Talavera, alikuwa mtu wa subira. Alijifunza Kiarabu kidogo uzeeni, akawataka mapadri wake wajifunze, na Waislamu wakamwita faqihi mtakatifu. Mwaka 1499 akaja Cisneros, askofu mkuu wa Toledo, akaona subira hiyo ni uvivu. Akabatiza watu kwa maelfu, akachoma vitabu vya Kiarabu uwanjani Bib-Rambla, akabakiza vya utabibu. Unapita hapo kila siku kwenda kunywa kahawa. Watu wakaasi, na uasi ukawa kisingizio cha kusema mkataba umevunjwa na wao. Kufikia mwaka 1502 walikuwa wameshapewa hiari mbili: ubatizo au kuondoka. Talavera naye mahakama ya kuchunguza imani ikamgeukia, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa na asili ya Kiyahudi, akaja kusafishwa jina akiwa mlangoni mwa kaburi.

Usiende na hilo barazani ukajifanya upande wetu tulikuwa malaika. Pale Córdoba kuna sanamu ya Musa bin Maimun, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi. Alikuwa mtoto tu Almuwahidun, Waislamu wenzetu, walipoingia mwaka 1148 na kuwabana Mayahudi na Wakristo, na familia yake ikaondoka. Alimalizia maisha yake Misri. Ibn Rushd, mtu wa mji huo huo, kadhi mtoto wa kadhi, Almuwahidun hao hao walivichoma vitabu vyake vya falsafa, wakampeleka uhamishoni Lucena, mji uliosifika kwa wasomi wa Kiyahudi.

Sasa yupo mtu mmoja ningependa umjue kuliko masultani wote. Mwaka 1567 amri mpya ilisomwa Granada: baada ya miaka mitatu ni marufuku kusema wala kuandika Kiarabu, shela za wanawake zivuliwe, mabafu yafungwe, majina yaachwe, milango ya nyumba ikae wazi Ijumaa. Hapo watu walikuwa wameshabatizwa miaka sitini na zaidi. Mzee mmoja, Francisco Núñez Muley, aliyemtumikia Talavera ujanani, akaandika barua ya kupinga. Akasema nguo zetu ni za mkoa, si za dini, kila mkoa una mavazi yake. Wakristo wa Yerusalemu wanasema Kiarabu, wa Malta pia, je, si Wakristo? Bafu ni la kuoga. Na majina yakifutwa, watu watajuanaje nani ndugu ya nani?

Niliposoma hoja hizo niliona kama anawasemea bibi zako na kanga zao. Halafu nikafika mahali ambapo, ili kuitetea ngoma ya watu wake, mzee anauliza: je, kuna watu duni kuliko weusi watumwa wa Guinea? Na hao mbona mnawaruhusu waimbe na kucheza kwa lugha zao? Nikakifunga kitabu. Nikaenda nje nikakaa. Mama yako akaniuliza kulikoni, nikamwambia hakuna kitu. Nilikuwa nimemshika mkono mzee wa watu, nalia naye, naye akanikanyaga bila hata kujua nipo.

Siku ya pili nilikifungua tena. Barua yake ni ya haki, na sentensi ile ni ya dhuluma, na zote mbili kaziandika yeye. Kwa hiyo unaponiuliza "wetu", nami nakuuliza: wetu kama Waislamu, au wetu kama Waafrika? Maana miaka ile ile, katika mji ule ule, alikuwepo Juan Latino. Mtu mweusi, aliyekuwa mtumwa, aliyembebea vitabu mtoto wa bwana wake mpaka akavijua kuliko yeye, akawa mwalimu wa Kilatini Granada, na mwaka 1573 akachapisha utenzi wa Kilatini kumsifu Juan wa Austria, jemadari wa Hispania, kwa ushindi wa vita vya baharini vya Lepanto dhidi ya Waturuki. Na Juan huyo wa Austria ndiye aliyeuzima uasi wa akina Núñez Muley katika milima ya Alpujarras, uasi ulioanza mwaka 1568 kwa sababu ya amri ile. Waliosalimika walitolewa Granada kwa makumi ya maelfu, wakatembezwa kwenye baridi kuelekea kaskazini. Kati ya mwaka 1609 na 1614 wazao wao na wenzao, jumla karibu 300,000 kutoka Hispania nzima, wakafukuzwa moja kwa moja. Wengi walikuwa wanavuka kwenda Morocco na Tunis wakiwa hawajui Kiarabu.

Utamchagua nani hapo? Mimi sijachagua. Sevilla kipo mpaka leo chama cha kidini kinachoitwa Los Negritos, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi tangu zama za watumwa. Kinatoka Alhamisi Kuu na sanamu zake, na siku hizi wanachama wake karibu wote ni weupe. Huo nao ni urithi wa Kiafrika wa Andalusia, na umo ndani ya kanisa.

Na pwani yetu nayo imo, kwa uzi mwembamba. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akawasifu watu wa Mombasa kwa dini yao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Miaka kama ishirini baadaye akafika Granada, na humo bustanini akakutana na kijana Ibn Juzayy, ambaye ndiye aliyekuja kumwandikia safari zake. Basi habari za Kilwa unazozijua tangu shuleni zimepita kwenye kalamu ya mtu wa Granada. Uzi wa pili si mzuri: Francisco de Almeida, Mreno aliyeipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505, alikuwa amepigana katika vita vya kuitwaa Granada. Alipotuona sisi alituita Mouros, jina lile lile alilowaita wale. Kwake vilikuwa vita vile vile, pwani tu imebadilika.

Kuhusu kulia kwako. Mwaka 1504, waliobatizwa kwa nguvu walipata fatwa ya mufti wa Oran, kule Algeria. Aliwaambia: mkizuiwa sala ya mchana, lipeni usiku. Mkikosa maji na udongo, gusa ukuta kwa mkono. Mkisimamishwa mbele ya sanamu, nia yenu iwe kwa Mungu. Sala hata kwa ishara inatosha. Nilipoisoma fatwa hiyo, uzeeni huku, ndipo nilipoikumbuka mikono yangu mfukoni mwaka 1987. Hakuna aliyekuwa amenikataza, lakini mwili ulijificha wenyewe. Wewe wako haukujificha. Sijui nani kati yetu alikuwa na adabu zaidi kwa wenye nyumba, lakini sikulaumu, na mlinzi naye simlaumu. Yeye kaajiriwa.

Ila nina neno na serikali yao. Mwaka 2015 walitunga sheria ya kuwapa uraia wazao wa Mayahudi waliofukuzwa. Vizuri sana. Wazao wa wale Waislamu waliobatizwa kisha wakafukuzwa, wapo Rabat na Tetouan wanajulikana kwa majina ya koo zao, hawakutajwa.

Umesema Kihispania kinakutoa jasho. Kisikilize vizuri. Wanaposema *fulano*, ni fulani wetu. *Hasta* ni hata. *Aceituna* ni zaituni, *azúcar* ni sukari. *Alcalde*, meya wao, ni kadhi kapoteza kilemba, na *alguacil*, askari wa mahakama, ni waziri kashushwa cheo. Wakisema *ojalá*, wanamtaja Mungu kwa Kiarabu na wengi hawajui.

Ukitaka kusali, panda Albaicín. Juu karibu na uwanja wa San Nicolás kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, nasikia muadhini wake anaadhini kwa koo tupu bila kipaza sauti, na bustani yake inaitazama Alhambra. Mimi niliukosa kwa miaka kumi na sita. Tarehe 2 Januari kutakuwa na sherehe ya kukumbuka kutwaliwa mji: bendera inapungwa kwenye roshani ya ukumbi wa jiji, wengine wanashangilia, wengine wanazomea. Kama utakwenda kutazama, usiende peke yako.

Na nina ombi. Sevilla mimi sikufika, mshahara ulikuja meli ikiwa imeshang'oa nanga. Mkienda, mnara wa kanisa kuu ni wa msikiti, na ndani hakuna ngazi ila chache kileleni, unapanda kwa mteremko wa kutosha mtu kupita na farasi. Lakini kabla ya kupanda, nenda kwenye kaburi la huyo huyo Ferdinand wa Tatu. Limeandikwa kwa Kilatini, Kikastilia, Kiarabu na Kiebrania, lugha nne kwa maiti mmoja. Kiarabu chake nataka kukisoma kwa macho yangu. Wakikuruhusu, nipigie picha ya upande huo. Wakikukataza, kinakili kwenye daftari, maana hati yako ya mkono bado ni nzuri kuliko ya kaka zako.

Mama yako anasema uvae soksi.

Wasalaam,
baba yako